Wiki Kuu Mbili: Machozi Yetu Humwendea Nani?

Ndugu wapendwa, Jumapili iliyopita baada ya Misa tuliwakuta vijana wa kwaya chini ya mwembe, vichwa vimeinamia simu moja. Walikuwa wakibishana juu ya ugomvi wa wasanii wawili: nani kamkosea nani, nani kaachwa, nani anastahili kuonewa huruma. Walipotuona walitaka kuificha ile simu, kama ilivyo desturi mbele ya padre. Tuliwaomba waiache, tukaketi nao. Binti mmoja akauliza: "Baba, hivi watu maarufu hawana wajibu kwa jamii?" Tulimjibu kwamba wanao, tukaagana.

Usiku tulitambua kwamba tulikuwa tumelijibu nusu tu ya swali. Nusu ya pili yatuhusu sisi: tunaotazama, tunaosikiliza, tunaolia na kulaani, tuna wajibu gani? Juma hili tumeona vema tuitafute nusu hiyo katika historia ya nchi yetu, na zaidi katika historia ya eneo letu hili la Rufiji na Kibiti.

Tuanzie mbali kidogo. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mnamo mwaka 1880, katika ukoo wa watu wa hali ya chini. Kabla ya kuimba alikuwa akitembeza vyungu kuuza. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo kwa ajili ya His Master's Voice, na santuri zake zikaenea pwani nzima. Umaarufu haukumkinga na masengenyo. Wapo waliomdhihaki kwa asili yake na kwa sura yake, kana kwamba muuza vyungu hana haki ya kusikilizwa.

Lakini tazameni alivyoutumia umaarufu huo. Mmoja wa nyimbo zake zilizokumbukwa sana unaitwa "Kijiti". Wasimuliaji wanaeleza kwamba unahusu mwanamke mgeni kutoka bara aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa alikimbilia bara, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Marehemu yule hakuwa na cheo wala jina kubwa. Kama si wimbo, kisa chake kingezikwa pamoja naye. Siti alikuwa na sauti iliyosikika, naye akamwazima mtu asiyekuwa na sauti. Tulishike jambo hili, maana tutalihitaji mbele.

Sasa tuje kwenye miaka ya Uhuru. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua vingepigwa vita kwa jina la utamaduni wa taifa. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, vijana wa Dar es Salaam waliwavamia wanawake hadharani, Kariakoo na kwingineko, kwa sababu ya mavazi yao. Magazeti yalijaa barua za wasomaji, wengine wakiunga mkono na wengine wakipinga. Nia ya kulinda heshima ya taifa huenda ilikuwa njema. Hata hivyo, mzigo wa heshima hiyo ulitwikwa zaidi wanawake, na hukumu ikatolewa na umati wa watu barabarani.

Je, wakati mji ukibishana juu ya urefu wa sketi, huku kwetu kulikuwa na nini? Mwaka huohuo wa 1968 mto Rufiji ulifurika. Baada ya mafuriko yale Serikali iliwahamisha wakulima wengi kutoka bondeni, ikawapeleka kwenye vijiji vipya vya ujamaa katika ardhi ya mwinuko. Wazee wetu waliokuwa wakipanda mlau maji yakipungua, waliokuwa wakilala kwenye madungu ili kuilinda mpunga yao na nguruwe, walijikuta mbali na mashamba yao. Faida zilikuwepo: shule, zahanati, barabara. Hasara zilikuwepo pia, na wanaozikumbuka bado wako hai kati yetu. Leo ukimuuliza mtu wa mjini juu ya miaka ile, yaelekea atakuambia habari za minisketi. Habari ya mlau hataijua.

Hatusemi kwamba aliyebishana juu ya minisketi alikuwa mwovu. Tunasema kwamba usikivu wa taifa una kipimo. Unapomwagwa wote mahali pamoja, mahali pengine panakauka.

Tufike sasa kwenye Wiki Kuu ya kwanza kati ya mbili tulizozitaja katika kichwa cha tafakari hii. Mwaka 2012 Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 6 Aprili. Usiku wa kuamkia Jumamosi Kuu, mwigizaji Steven Kanumba alifariki dunia nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 28. Waamini waliamka kujiandaa kwa mkesha wa Pasaka wakakutana na habari hiyo. Jumanne ya Pasaka, tarehe 10 Aprili, maelfu walijaa viwanja vya Leaders Club kumuaga. Wapo waliozimia, na msafara mkubwa ukamsindikiza hadi makaburi ya Kinondoni.

Machozi yale yalikuwa ya kweli, wala hatuna haki ya kuyacheka. Kanumba alikuwa ameingia katika nyumba zetu kupitia mikanda ya video, hata katika mabanda ya vijijini ambako watu kumi walishirikiana luninga moja. Aliigiza Kiswahili chetu na misukosuko ya familia zetu. Mtu akilia kwa ajili yake, alimlilia mtu aliyemzoea.

Lakini umati uleule uliolia ulikuwa na upande wa pili. Usiku ule alikuwapo nyumbani mwigizaji mwenzake, Elizabeth Michael, tuliyezoea kumwita Lulu. Alikuwa msichana ambaye hata umri wake ulibishaniwa mahakamani, kama amefikisha miaka 18 au bado. Alikamatwa na kushtakiwa kwa kuua, na baadaye shtaka likawa la kuua bila kukusudia. Yeye alikana kumsukuma marehemu. Mahakama ilichukua zaidi ya miaka mitano kufikia uamuzi wake. Umati haukuhitaji hata juma moja. Vijiweni, sokoni, na tukiri, hata kwenye ngazi za makanisa, wengi walikuwa wamekwisha kuhukumu, si tendo tu bali maisha yake yote: mavazi yake, marafiki zake, malezi yake. Wachache mno waliuliza ni watu wazima gani waliomwacha binti mdogo akulie mbele ya kamera, na ni nani walionunua mikanda yake. Walionunua ni sisi.

Wiki Kuu ya pili ni ya mwaka 2017. Alhamisi Kuu ya mwaka ule ilikuwa tarehe 13 Aprili. Jioni ile, wakati makanisani mapadre wakiwaosha waamini miguu, askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa wilayani Kibiti walipokuwa wakitoka lindoni. Hawakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Katika mwaka 2016 na 2017 waliuawa watu zaidi ya 30 katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Wengi wao walikuwa viongozi wa vijiji na vitongoji, watu waliokuwa wakigonga mihuri barua zetu na kusuluhisha kesi zetu za mipaka. Bodaboda zilipigwa marufuku kutembea usiku. Watu walianza kulala mapema, na wengine hawakulala majumbani mwao. Katika operesheni iliyofuata, zipo familia zilizosema ndugu zao walichukuliwa wasirudi.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe. Pasaka ya mwaka 2012 tulimtaja Kanumba katika mahubiri, kwa jina, kwa kuwa kila moyo ulikuwa kwake. Pasaka ya mwaka 2017, tukiwa tunahudumu katika mkoa huuhuu, tuliwaombea "marehemu wote" kwa ujumla. Hatukutaja jina hata moja. Tuliogopa. Hatukujua nani anasikiliza wala nani atakwenda kusema nini. Inawezekana hofu ile ilikuwa na sababu. Hata hivyo, tunakiri kwamba mtu aliyefia mbali alipata jina lake altareni, na jirani hakulipata.

Mwezi Novemba mwaka uleule historia ikayaweka mambo haya mawili bega kwa bega. Tarehe 13 Novemba 2017 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilimtia Lulu hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka miwili. Nchi nzima ilizungumza. Siku nane baadaye, tarehe 21 Novemba, Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyeishi Kibiti na kuandikia gazeti la Mwananchi, alichukuliwa na watu wasiojulikana. Alikuwa ameandika juu ya mauaji ya eneo hili. Hajarudi nyumbani kwake hadi leo. Waandishi wenzake walipaza sauti na wanaendelea kuikumbuka tarehe hiyo. Lakini sisi waamini wa kawaida, je? Waulizeni watu kumi njiani: Lulu alifungwa miaka mingapi? Kisha waulizeni: aliyekuwa akituandikia habari za misiba yetu aliitwa nani?

Tunamkumbuka Siti na wimbo wake wa "Kijiti". Gwanda hakuwa mwimbaji, lakini alifanya kazi inayofanana na ile: kuwaazima sauti watu wasiokuwa nayo. Santuri ilimpatia Siti wasikilizaji. Gwanda aliwapata wasikilizaji wachache kuliko walivyostahili watu aliowaandika. Kazi ya namna hiyo huwa ya hatari zaidi pale wasikilizaji wanapokuwa wameelekea upande mwingine, kwa sababu mwenye nia mbaya hujipa moyo anapoona hakuna anayetazama.

Ndiyo maana tunasema kwamba nusu ya pili ya swali la binti yule ni nzito kuliko ya kwanza. Msanii ana wajibu, naam. Anayeigwa na maelfu ya watoto hana budi kujiuliza anawafundisha nini. Lakini umaarufu hauoti wenyewe kama magugu. Hupandwa na macho yetu, humwagiliwa na mazungumzo yetu, na siku hizi hulipiwa kwa vifurushi vya simu zetu. Tunayemtazama ndiye tunayempa nguvu, na tusiyemtazama tunamwacha gizani. Kuchagua cha kutazama ni tendo la dhamiri kama kuchagua cha kusema.

Katika Injili ya Luka, mfano wa tajiri na maskini una jambo ambalo husikilizwa kwa haraka likapita. Tajiri, ambaye bila shaka mji mzima ulimjua, hakupewa jina. Maskini aliyelala mlangoni anaitwa Lazaro. Bwana aliugeuza utaratibu wetu: asiyejulikana ndiye anayetajwa.

Lulu alitoka gerezani Mei 2018, akamalizia adhabu yake kwa kutumikia jamii, na maisha yake yakaendelea. Tunamwombea heri. Kanumba amelala Kinondoni, naye tunamwombea pumziko. Hakuna lolote katika tafakari hii linalodai wapunguziwe huruma. Twadai tu huruma ileile ije mpaka huku.

Basi, ndugu wapendwa, tuna ombi moja. Mwezi wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, kila mwaka tunapokea bahasha zenye majina. Mwaka huu leteni pia majina ya waliouawa na waliopotea katika eneo letu mwaka 2016 na 2017: askari, mwenyekiti wa kitongoji, mgambo, kijana aliyechukuliwa asirudi. Leteni bila kuandika nani alimuua nani, kwa kuwa hilo ni la mahakama na la Mungu. Leteni na majina ya majirani zetu Waislamu, iwapo familia zao zitaridhia. Tutayasoma yote altareni, moja moja, hata kama Misa itachelewa kwisha.

Na ninyi vijana wa kwaya, simu ile msiifiche tena. Lakini siku mtakapokutana chini ya mwembe, mmoja wenu awaulize wengine: katika kijiji chetu, juma hili, nani amefiwa na hatujakwenda kumpa pole?

Tumsifu Yesu Kristo!