Turkwel: Ziwa Lisilo la Asili

Ukiuliza watu mahali pa kutembea kaskazini mwa Kitale, kuna atakayekwambia uende Turkwel. Unapita Makutano, unateremka Marich hadi Kainuk, kisha unaacha barabara kuu ya Lodwar na kuelekea milimani. Huko, watakwambia, kuna kivutio cha asili. Uzuri wake sibishi: maji ya kijani katikati ya milima mikavu, na kimya ambacho Nairobi hukipati. Ila hilo neno "asili" linanikera, kwa sababu linafuta historia nzima.

Cha asili pale ni mto na mwamba. Mto unaanzia Mlima Elgon ukiitwa Suam, unapita mpakani mwa Kenya na Uganda, unapenya korongo, kisha unashuka nyanda kavu hadi Ziwa Turkana. Ziwa unalolipiga picha ni la juzi tu. Lilitokea baada ya ukuta wa zege wenye kimo cha mita 153 kuziba korongo, katika mradi uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukuta umepinda kama upinde, mgongo wake ukiyaelekea maji. Maji yakisukuma, uzito unabebwa na miamba ya pande zote mbili. Yaani mlima wenyewe umeajiriwa kazi.

Kandarasi walipewa Wafaransa, bila zabuni ya wazi. Mwaka 1986 ilivuja barua ya Achim Kratz, mwakilishi wa Tume ya Ulaya jijini Nairobi. Alilalamika kwamba bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ambayo ingepatikana kwa ushindani wa kimataifa. Ujenzi uliendelea tu. Kama unadhani kashfa za tenda zilianza na kizazi chetu, pole, hii sinema ni ya kitambo.

Bwawa lina mitambo miwili, kila mmoja wa megawati 53. Stima yake ilivutwa kwa nyaya ndefu kuelekea kusini hadi Lessos, Nandi, ikaingia kwenye gridi ya taifa, ikafika kwetu mijini. Na Lodwar, mji ulio kando ya mto huohuo? Kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli. Mto ulipita Lodwar, stima ikapitia Lessos.

Huko chini kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye picha. Waturukana wana utaratibu unaoitwa ekwar: kila familia ina sehemu yake ya miti kando ya mto, na hakuna mgeni wa kuja kukata au kulisha mifugo bila ruhusa. Maganda ya migunga huangukia hapo, na wakati wa kiangazi ndiyo chakula cha mbuzi. Misitu hiyo ilizoea mafuriko ya msimu. Bwawa lilipoanza kuyashika maji, mafuriko hayo yalipungua, na miti haina mahali pa kupeleka malalamiko.

Halafu ikaja 2020. Mvua zilizidi, ziwa likapanda hadi KenGen ikawatahadharisha wakazi wa chini kwamba maji yangeweza kumwagika juu, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu bwawa lijengwe. Watu walewale waliokosa maji ya msimu sasa waliambiwa wajihadhari nayo. Wakati huohuo, Pokot na Turkana bado wanavutana kuhusu ardhi ya bwawa iko upande wa nani.

Sisemi usiende. Nenda, chukua picha zako zote. Lakini ukishamaliza upande wa ziwa, simama kidogo uangalie upande wa pili, mto unakoelekea, na umuulize mwenyeji wako kama kwake stima imefika.