Kumfikiria Mangungo

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Kilosa, lakini nikapitia Mikumi kwanza kumsalimia shangazi. Basi lilipoingia hifadhini abiria wakaanza kuonyeshana kwa vidole: twiga wale, nyati wale. Kijana mmoja kiti cha mbele akamgeukia mwenziwe, akasema, "Yaani imagine, hapa tangu dunia iumbwe hajawahi kuishi mtu!" Mzee niliyekaa naye akacheka. "Unadhani tu, mjukuu wangu. Kwani hilo jina la Mikumi walilitoa twiga?"

Mzee alikuwa na hoja. Mikumi ni miti, ile jamii ya mivumo, na hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1964. Kabla ya mwaka huo walikuwapo watu walioijua miti ile na kupaita mahali kwa jina lake. Ila mimi nilibaki na vile vitenzi viwili. Kijana kasema imagine, mzee kamjibu kwa dhani, na hakuna aliyeona kwamba mzee ametafsiri vibaya.

Ndugu msomaji, neno hilo la Kiingereza limezoeleka mno vijiweni na hata humu mabwenini, aghalabu kwa kushangaa tu. Asili yake ni Kilatini, imago, yaani picha au sura. Mwenye kulitumia anaweza kuwa anaona picha akilini, anabuni kisichokuwapo, au anashika uongo akidhani ni kweli. Kitenzi ni kilekile. Kiswahili hakimpi mtu nafasi hiyo ya kujificha. Lazima achague: awaze, adhani, akisie, abuni, aote, au afikirie. Akisema anakisia, basi ana kipimo fulani mkononi. Akisema anabuni, amekiri mwenyewe. Wapo wanaouona utawanyiko huu kuwa ni umaskini wa lugha yetu. Mimi siafiki, na kesi yangu iko Msowero.

Msowero iko wilaya yetu hiihii ya Kilosa, ukitoka mjini kuelekea Dumila. Hapo ndipo tarehe 29 Novemba 1884 Carl Peters, akiwa na wenzake Jühlke na Pfeil, alipofunga mkataba na Mangungo, mtawala wa mahali pale. Peters alikuwa amefika Unguja mwanzoni mwa mwezi uleule. Karatasi iliandikwa kwa Kijerumani na maneno yakapita mdomoni mwa mkalimani. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, Mangungo alifanya urafiki wa milele na akatoa nchi yake yote kwa chama cha ukoloni cha Wajerumani. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, serikali ya Kaisari ikatoa hati ya kuzilinda nchi ambazo Peters alidai amezipata, Usagara ikiwamo. Sultani Barghash wa Unguja akapinga. Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake, naye akanyamaza.

Hayo tunayajua. Sasa tazama tunavyofundishwa. Nilipokuwa kidato cha pili mwalimu wetu wa historia aliuliza, "Ni nani kati yenu anatoka kwa yule mjinga aliyeuza nchi?" Mimi, mwenye bibi mzaa mama Msowero, nikanyoosha mkono. Tangu siku hiyo hadi namaliza shule jina langu likawa Mangungo. Na si shuleni tu. Kila mjadala wa mikataba ya madini unapopamba moto nchini, utasikia "akina Mangungo". Jina la mtu limegeuka kuwa tusi.

Lakini huyu Mangungo mjinga katoka wapi? Sehemu kubwa katoka kwenye kalamu ya Peters mwenyewe. Ndiye aliyesimulia, tena kwa majigambo, jinsi alivyowaendea watawala wa bara: zawadi, vinywaji, kisha karatasi, bendera, na bunduki kufyatuliwa hewani. Kitabu chake cha kuanzishwa kwa koloni kilitoka mwaka 1906, yaani baada ya yeye mwenyewe kufukuzwa kazi ya serikali mwaka 1897 kwa sababu ya watu aliowanyonga Kilimanjaro. Mwaka 1941 Wajerumani wa enzi za Hitler wakamtengenezea filamu na kumfanya shujaa. Huo ni ubunifu, na tunaukataa bila shida. Kumbe Mangungo wa mtu huyohuyo tumemmeza mzimamzima!

Katika fasihi tumewahi kuwa waangalifu zaidi. Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia yake Kinjeketile mwaka 1969, aliwatahadharisha wasomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia. Ni kiumbe cha msanii. Alibuni na akasema amebuni. Mwalimu wangu alidhani, akatuambia anajua.

Tukitaka kukisia kwa haki, vipimo vipo. Usagara ya miaka ile ilipitiwa na misafara ya pwani, na kutoka kusini Wahehe walikuwa wakiishambulia. Mgeni mwenye bunduki akija na zawadi na kutaka urafiki, mtawala mwenye akili atamkaribisha. Peters na baadhi ya watawala walichanjiana damu, na undugu wa damu ni jambo zito. Humfunga mgeni pia, si mwenyeji peke yake. Kwa hiyo yawezekana kabisa Mangungo alijipatia ndugu. Kwamba ndugu huyo angepeleka karatasi Berlin na kuigeuza hati ya nchi, hilo lilihitaji kuijua Berlin. Sisemi Mangungo alikuwa shujaa. Hapo nitakuwa nabuni.

Nilifika Mikumi jioni ile, nikalala kwa shangazi. Asubuhi alinisindikiza hadi stendi, na gari la Kilosa lilipoanza kuondoka akaniambia dirishani, "Baba, ukipata kazi utufikirie." Si kwamba nijenge picha yao akilini. Niwakumbuke, nipime hali yao, niwatendee kama watu. Fikiri imeongezwa irabu moja tu na tayari ina mtu mbele yake. Wanafunzi tumeambiwa mara nyingi tufikirie siku ile ya Novemba pale Msowero, lakini Mangungo mwenyewe sikumbuki tukimfikiria hata mara moja.

Nilishuka Kilosa saa saba mchana, jua kali. Toka ng'ambo ya barabara mtu niliyesoma naye akapaza sauti, "We Mangungo, umerudi lini?" Nikaitika.