Maswali mawili ambayo karani wa sensa hakukuuliza

Kama ulihesabiwa Agosti 2022, huenda unamkumbuka karani aliyekuja na kishikwambi. Aliuliza nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia tarehe 23, ana umri gani, amesoma mpaka wapi, anafanya kazi gani, mnapikia nini, choo chenu ni cha aina gani. Maswali yalikuwa mengi hadi wengine wakachoka. Lakini kuna mawili hayakuwemo: wewe ni wa dini gani, na nyumbani mnaongea lugha gani.

Usidhani yalisahaulika. Kutouliza nako ni uamuzi, na una historia yake.

Sensa ya kwanza ya Tanzania ilifanyika Agosti 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha. Ilikuta watu milioni 12.3, na iliuliza dini na kabila. Kwa upande wa Bara, matokeo ya dini yaligawa watu katika mafungu matatu yanayokaribiana: Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi, kila fungu karibu theluthi moja. Wapo waliobisha hesabu hiyo, na ubishi haujaisha mpaka leo. Sensa zilizofuata za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza tena dini. Maelezo ya serikali kwa miaka yote ni kwamba shule, maji na zahanati hupangwa kwa idadi ya watu, si kwa imani zao.

Sasa, kuna ubaya gani kujua tu? Swali zuri. Tutoke kidogo nje ya nchi, kwa waliojua na yaliyowapata.

Lebanoni ilihesabu watu wake kwa madhehebu mwaka 1932, chini ya utawala wa Wafaransa. Wakristo walionekana kuwazidi Waislamu kidogo tu, tena baada ya kuingiza kwenye hesabu watu waliokwisha kuhamia ng'ambo. Tofauti hiyo ndogo ikageuzwa katiba isiyoandikwa. Kwa makubaliano ya 1943, Rais awe Mmaroni, Waziri Mkuu Msuni, Spika Mshia, na viti vya bunge vigawanywe sita kwa Wakristo kila vitano vya Waislamu. Tangu hapo, kuhesabu upya kukawa sawa na kuomba madaraka yagawanywe upya. Hakuna aliyethubutu. Watu walizaliwa, wakahama, uwiano ukabadilika, lakini namba za 1932 zikaendelea kutawala. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1975 hadi 1990 vilikuwa na sababu nyingi, na ugomvi juu ya mgawo huo ulikuwa mmojawapo. Mkataba wa Taif wa 1989 uligawa viti nusu kwa nusu. Sensa? Mpaka leo haijafanyika nyingine.

Ubelgiji nayo iliungua, ila kwa lugha. Sheria ya 1932 ilisema hivi: ikiwa sensa itaonesha asilimia 30 ya wakazi wa mji wanatumia lugha ya upande wa pili, wapewe huduma kwa lugha hiyo, wakizidi nusu, lugha ya utawala ya mji ibadilike. Hebu fikiria. Unajibu swali la karani, kumbe unapiga kura ya mpaka! Matokeo ya sensa ya 1947 yalizuiwa hadi 1954, na yalipotoka, miji mitatu pembezoni mwa Brussels iliondoka kwenye eneo la Kiholanzi ikawa ya lugha mbili. Wenye Kiholanzi walilalamika kwamba watu wanaandikisha Kifaransa kwa sababu ndiyo lugha ya wakubwa. Sensa iliyofuata ilipokaribia, mameya wengi wa upande wao wakakataa kugawa fomu za lugha. Mwaka 1961 bunge likafuta swali hilo kabisa, kisha mpaka wa lugha ukachorwa kwa sheria.

Na majirani zetu Kenya? Wao wanauliza, dini na kabila. Fomu yao inatufundisha jambo jingine: orodha ya majibu haidondoki kutoka mbinguni. Mwaka 1969 Wanandi, Wakipsigis na Watugen waliorodheshwa kila mmoja peke yake. Sensa ya 1979 ikawaweka chini ya jina moja, Wakalenjin. Mwaka 2017 Wamakonde wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43. Kisha kuna sensa ya 2009, ambapo serikali ilifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, kule Turkana, Wajir, Mandera na Garissa, ikisema ongezeko la watu halikulingana na vizazi na vifo. Idadi ya watu huathiri majimbo ya uchaguzi na mgao wa fedha, kwa hiyo kila upande una sababu ya kuutilia mwingine shaka.

Ukiziweka kesi hizi pamoja unaona kanuni moja. Namba ikishafungwa kwenye mgawo, inaacha kuwa kipimo. Inakuwa dai, na dai lazima lipate mpinzani.

Kwa hiyo Tanzania ilifanya busara kunyamaza? Kwa kiasi, ndiyo. Lakini ukimya una bei yake, na hapa ndipo mjadala wetu huwa unakwepa.

Bei ya kwanza ni uvumi. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu viliwataka waumini wasusie sensa, moja ya hoja ikiwa kwamba namba za dini zinatangazwa kwenye vyombo vya habari ilhali swali lenyewe halipo. Hoja hiyo haikuwa nyepesi. Namba ya kukadiria haina mwenye kuijibia, na kila mtu anachagua inayompendeza.

Bei ya pili ni lugha. Dodoso la 2012 liligusa lugha sehemu moja tu: kama mtu anajua kusoma na kuandika Kiswahili, Kiingereza, vyote viwili au lugha nyingine. Kihadza, Kisandawe, Kisukuma, vyote viliishia kwenye "nyingine". Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, ulilazimika kukadiria idadi ya wasemaji. Lugha ya watu takriban elfu moja kama Kihadza inaweza kupungua kwa nusu kati ya sensa na sensa, na takwimu za taifa zisione chochote.

Maswali haya mawili hayafanani, yaani si lazima yabebwe furushi moja. Swali la dini limebeba historia nzito. Swali la lugha ya nyumbani, lisilofungwa kwenye kiti wala fedha yoyote, lingeweza kuulizwa hata kwenye utafiti wa sampuli, na jibu lake lingetuambia ni watoto wangapi wanaingia darasa la kwanza bila Kiswahili.

Mpaka hapo, ukisikia mtu anasema kwa uhakika "asilimia fulani ya Watanzania ni wa dini fulani", muulize kitu kimoja tu: nani alihesabu, na lini? Kama anategemea sensa, jibu la karibuni alilonalo ni la 1967.