Tambuu, Sukari na Meno ya Watu wa Mrima

Meno ya watu wa Tanga na Pangani hayakuharibiwa na uchafu. Watu wa mwambao huo walikuwa watu wa mswaki karne nyingi kabla ya brashi za viwandani kuonekana madukani. Alfajiri, kabla ya sala, ncha ya kijiti cha mti wa mswaki ilitafunwa mpaka ikawa nyuzi, kisha meno yakasuguliwa moja moja. Na jina la kijiti hicho ndilo lililorithiwa na kifaa kilichokuja baadaye kutoka ng'ambo. Yaliyoyadhuru meno yaliingia kwa mlango wa heshima. Yalikuja juu ya sinia, mkononi mwa mwenyeji, yakapokewa kwa shukrani. Makubwa katika hayo yalikuwa mawili: tambuu na sukari.

Tambuu ndiyo ya kale zaidi. Ibn Batuta, msafiri wa Moroko, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alipokewa kwa sahani ya majani ya tambuu na popoo iliyotoka nyumbani kwa sultani. Kutoka hapo alikwenda Mombasa na Kilwa, na chombo chake kikaipita pwani ya Mrima njiani. Basi tangu zama hizo tambuu ilikuwa lugha ya ukarimu katika bahari hii, kama ilivyokuwa Bara Hindi na Arabuni.

Uraibu kamili ulikuwa na sehemu zake: jani la mtambuu, popoo iliyokatwa vipande kwa mkasi wake, chokaa kidogo, katu na, kwa aliyependa, tumbaku. Vyote viliwekwa katika kijamanda, na mgeni hakukaa kitako ila alisogezewa. Palipokuwa na harusi uraibu ulikuwapo. Palipokuwa na posa ulikuwapo. Na jani lililokunjwa vizuri na kupelekwa kwa mpenzi lilisema maneno ambayo ulimi uliyaonea haya. Kuukataa kulikuwa karibu na kumkataa aliyeutoa.

Lakini kinywa hakina adabu za barazani. Kila kilichotiwa ndani yake hufanya kazi yake. Popoo ni ngumu, na anayeitafuna miaka mingi husaga meno yake pamoja nayo, pengine akayatia ufa. Chokaa huchoma ufizi. Rangi nyekundu hushika menoni na kugeuka weusi, na ukoga hujenga ngome chini ya ufizi mpaka jino likalegea. Wazee waliusifu uraibu kwamba huburudisha kinywa na kuondoa harufu mbaya. Walipoona jino linatikisika waliulaumu uzee.

Dalili nzito zaidi ilionekana jirani na Mrima. Mwaka 1952 tabibu aitwaye Schwartz alieleza habari za wanawake watano wa Kihindi kutoka Kenya ambao nyama za ndani ya mashavu yao zilikuwa zimekauka na kukaza, hata vinywa havikufunguka sawasawa. Baadaye ilithibitika kwamba kutafuna popoo ndiko chanzo kikubwa cha maradhi hayo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku huleta saratani ya kinywa; na mwaka 2003 wataalamu wake wakaamua kwamba popoo peke yake huleta saratani, hata isipotiwa tumbaku.

Sukari ina historia nyingine, na chungu. Katika karne ya 19 kingo za mto Pangani zilijaa mashamba ya miwa. Watumwa waliikata, wakaikamua na kuichemsha ikawa sukari guru, ikapakiwa majahazini kwenda kuuzwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa. Hivyo utamu ule ulitoka katika jasho la watu wasioulizwa hiari yao.

Karne ya 20 sukari ilizoeleka majumbani. Miaka ya 1930 kiwanda kilianzishwa Arusha Chini, karibu na Moshi, mji uliounganishwa na Tanga kwa reli. Chai ya sukari ikawa ada ya asubuhi na jioni. Kahawa ya baraza ilibaki chungu, lakini kando yake palikuwa na kashata au halua, na mazungumzo yaliporefuka mkono ulirudi sahanini tena na tena.

Kurudi huko ndiko kunakodhuru. Katika hospitali ya Vipeholm, Uswidi, wagonjwa wa akili walilishwa peremende zenye kunata ili meno yao yatazamwe yakioza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954: sukari iliyoliwa pamoja na chakula ilidhuru kidogo, lakini iliyonata menoni kila mara kati ya milo iliharibu vibaya. Vijidudu vya kinywani huigeuza sukari kuwa asidi, na kila tonge tamu huanzisha shambulio jipya kabla gamba la jino halijapona la kwanza. Wagonjwa wale hawakuombwa ridhaa, kama watumwa wa Pangani. Elimu ya sukari, kama sukari yenyewe, ililipiwa na wasio na kauli.

Ni haki yao, basi, elimu hiyo isipotee bure. Ukarimu wa Mrima ni mali ya thamani, wala haustahili kufa pamoja na kijamanda. Dafu ni heshima, na kahawa chungu ni heshima. Halua iliyoliwa baada ya chakula, ikafuatwa na maji, haina ubaya wa halua inayodonolewa tangu alasiri hadi magharibi. Na mgeni aikataaye popoo aeleweke kuwa amekataa popoo tu, hakumkataa mwenyeji wake.