Zabibu zilipokosa bei

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka nikusimulie habari za wakulima waliokataa kufa njaa kimya kimya, na masimulizi yangu yanaanzia juu ya pikipiki.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, semina ya watangazaji ilinifikisha Narbonne, mji wa kusini mwa Ufaransa ulio karibu na bahari ya Mediterania. Semina ilipokwisha, wenyeji wetu walitulipia matembezi ya nusu siku katika mashamba ya mizabibu. Tulipewa pikipiki za magurudumu manne, mapana kama ya trekta dogo, pamoja na kofia ngumu. Kijana aliyekuwa kiongozi wetu akatutangulia. Masharti yake yalikuwa mafupi: tufuatane mmoja mmoja, mtu asimpite mwenzake, na asithubutu mtu kuingia katikati ya mistari ya mizabibu. Wenzangu walikuwa wakiuliza ni saa ngapi tutaonja mvinyo. Mimi si mnywaji, kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwenye mashamba.

Nina sababu. Mimi ni mtoto wa Dodoma, na marehemu mama yangu alikuwa na ekari moja ya zabibu nje kidogo ya mji. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mkulima huweza kulia mara mbili kwa mwaka pia. Nilipokuwa darasa la sita, mnunuzi alituahidi gari siku ya Jumatatu. Tukavuna Jumapili, tukapanga zabibu kivulini, tukangoja. Gari halikuja Jumatatu, wala Jumanne, wala Jumatano. Alhamisi nyuki na nzi ndio waliokuwa wanunuzi wetu. Mama hakusema neno, alichukua jembe akaenda kupalilia mtama.

Basi, tulipokwisha kwenda kama saa moja, tulipita shamba lililong'olewa lote. Mashina ya mizabibu yalikuwa yamerundikwa pembeni kama kuni. Nikadhani ni ugonjwa. Kiongozi wetu akasema la, mwenye shamba amelipwa ili ang'oe, kwa kuwa mvinyo umezidi na wanywaji wamepungua. Kweli, mwaka 2024 serikali ya Ufaransa ilitangaza kuwalipa wakulima euro 4,000 kwa kila hekta ya mizabibu watakayoing'oa. Kisha akanyoosha kidole kwenye kijiji kilichokuwa mbele yetu, akasema kile ni Argeliers, palipoanzia vurugu za mwaka 1907. Alipomaliza kusema hivyo, akawasha pikipiki tukaendelea. Matembezi ya watalii hayana nafasi ya vurugu. Mimi nitaisimulia habari hiyo hapa.

Katika miaka ya 1860 aliingia kusini mwa Ufaransa mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyekuja na miche ya mizabibu kutoka Marekani. Mdudu huyo hufyonza mizizi mpaka mti unakauka. Mashamba yaliteketea wilaya kwa wilaya. Dawa iliyokuja kupatikana ilikuwa ni kubebesha mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani, ambayo mizizi yake humstahimili mdudu. Kazi hiyo ilihitaji fedha nyingi, na wakulima wadogo walikopa.

Walipokuwa wakipanda upya, watu wa mijini hawakuacha kunywa. Pengo likazibwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni Algeria, koloni la Ufaransa wakati huo, ambako walowezi walipanda mizabibu kwa wingi na kuvusha mvinyo wao baharini. Ya pili ni viwanda vya ujanja. Wafanyabiashara waliloweka zabibu kavu, wakatia maji na sukari, wakauza kwa jina la mvinyo. Mwaka 1903 kodi ya sukari ilipunguzwa, na ujanja ukazidi kuwa rahisi. Kumbe wakati huo mizabibu iliyobebeshwa ilikuwa imekwisha kukua, tena inazaa sana. Mvinyo wa kweli ukajaa sokoni pamoja na wa uongo, bei ikaanguka chini ya gharama ya kilimo. Kwa haki tuseme kwamba mavuno yenyewe yalikuwa yamezidi. Lakini mkulima anaweza kuvumilia kushindwa na mvua nzuri ya jirani yake. Kushindwa na gunia la sukari ni jambo jingine.

Tarehe 11 Machi 1907, watu 87 wa Argeliers waliondoka kwa miguu hadi Narbonne kuonana na tume ya bunge. Aliyewaongoza ni Marcelin Albert, mkulima mdogo mwenye mkahawa kijijini. Tume iliwasikiliza, nao wakarudi nyumbani mikono mitupu. Hapo ndipo walipounda kamati, na kamati ikaanzisha gazeti la kila juma liitwalo Le Tocsin, maana yake kengele ya hatari. Kila Jumapili wakaitisha mkutano. Mwezi Mei walikutana Narbonne, Béziers, Perpignan, na Carcassonne, na kila Jumapili umati ulikuwa mkubwa kuliko wa Jumapili iliyotangulia. Tarehe 9 Juni, mjini Montpellier, walikadiriwa kufika nusu milioni. Matajiri wenye mashamba makubwa walisimama bega kwa bega na vibarua wao. Dk. Ernest Ferroul, Meya wa Narbonne, akajiuzulu, na mamia ya halmashauri za miji na vijiji zikafuata. Wananchi wakaambiwa wasilipe kodi.

Waziri Mkuu alikuwa Georges Clemenceau, mtu asiyependa kutishwa. Alipeleka majeshi. Tarehe 19 Juni Ferroul alikamatwa, na kwa siku mbili hizo, tarehe 19 na 20, askari waliwapiga watu risasi mjini Narbonne. Watu sita walikufa.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kikosi cha 17 cha askari wa miguu, ambacho wengi wao walikuwa vijana wa Béziers na vijiji vyake, kilikuwa kimehamishiwa Agde. Habari za Narbonne zilipowafikia, askari wapatao 500 walivunja ghala la risasi, wakatembea usiku kucha kurudi Béziers, wakaketi katikati ya mji na bunduki zao. Hawakumpiga mtu. Akina mama waliwaletea chakula, na bila shaka mvinyo. Walikubali kurudi kambini kwa ahadi ya kutoadhibiwa, kisha wakapelekwa Gafsa, kusini mwa Tunisia, kwenye jua kali na jangwa. Kama hiyo haikuwa adhabu, basi Kiswahili changu kina upungufu.

Na Marcelin Albert? Huyu alikwenda Paris, na tarehe 23 Juni akaingia ofisini kwa Clemenceau. Waziri Mkuu alizungumza naye kwa upole, akamtaka akawatulize watu wake, na mwisho akampa noti ya faranga 100 ya nauli ya treni. Albert akaipokea. Clemenceau akawaita waandishi wa habari akawasimulia, pamoja na habari ya machozi aliyoyatoa mgeni wake. Kesho yake Ufaransa nzima ilijua. Aliyeitwa mkombozi akaitwa aliyenunuliwa. Alikufa maskini mwaka 1921. Hapa nasema kama mtu wa kazi hii ya habari: noti ile aliitoa Clemenceau, lakini waliomzika Albert kwayo ni wenzetu wa kalamu, waliosahau kuuliza kwa nini kiongozi wa nusu milioni ya watu alikosa nauli ya kurudia kwao.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. La hasha! Tarehe 29 Juni 1907 bunge lilipitisha sheria dhidi ya kutia maji na sukari kupita kiasi. Mwezi Septemba amri ya serikali ikatamka kwamba mvinyo ni kinywaji kilichochachuka kutokana na zabibu mbichi au maji yake, basi. Mwezi huo huo wakulima waliunda shirikisho lao mjini Narbonne, Dk. Ferroul akiwa rais wa kwanza, na shirikisho likaajiri wakaguzi wake wa kuwasaka wadanganyifu na kuwapeleka mahakamani. Kiongozi alianguka kwa noti moja, lakini chama chenye wanachama, ada na wakaguzi hakikuangushwa kwa noti.

Sheria hiyo haikumaliza shida zote. Mwezi Machi 1976, karibu na Narbonne, wakulima waliokasirishwa na mvinyo rahisi wa Italia walipambana na polisi kwa risasi, na mkulima mmoja na ofisa mmoja wa polisi wakafa. Na leo mashina yanarundikwa kama kuni. Sheria inaweza kulinda jina la mvinyo, lakini haiwezi kumlazimisha mtu kuunywa.

Tulimalizia matembezi yetu kwenye ghala la mkulima. Wenzangu wakaonja, mimi nikapewa maji ya zabibu. Nilimwambia mwenye ghala kwamba mama yangu pia alilima zabibu. Akauliza, "Bei ilikuwaje?" Hakuuliza ni za aina gani, wala Dodoma iko wapi.

Nikamweleza habari za gari ambalo halikuja. Akatikisa kichwa, akanijazia glasi tena.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.