Kiko, malio na shisha: historia ambayo hatukufundishwa fomu four

Najua nimepotea wiki mbili, si mnajua mambo ya taimuteso. Leo sina stori za bumu wala za foleni ya chakula, leo ni historia tupu, manake ndo kozi niliyoileta mjini.

Kilichonichokoza ni mabishano ya Ijumaa usiku hapa hosteli. Jamaa mmoja wa chumba cha pili (ni rafiki yangu, tena wa Tarime mwenzangu, kwa hiyo simtaji) alikuwa anawafundisha madogo wa mwaka wa kwanza namna ya kuvuta shisha. Alianza somo lake kwa sentensi tatu. Moja, haya mambo ni ya Waarabu, yamekuja juzi na wazungu wa Masaki. Mbili, hii yake si tumbaku, ni mitishamba tu, haina nikotini. Tatu, hata hivyo maji yanachuja kila kitu. Nikamwambia mura, hizo sentensi zako tatu zote zina kasoro. Akanijibu, "Haya mwalimu, tufundishe." Basi nimekaa maktaba siku tatu, na haya ndo niliyopata.

Nianze na hilo la "juzi". Ukifungua kamusi ya Kiswahili ya A. C. Madan, iliyochapwa Oxford mwaka 1903, utakuta kiko cha kienyeji kina maji, na kila kiungo chake kina jina la Kiswahili. Juu kabisa kuna bori, kile kikombe cha udongo kinachowekwa tumbaku na kaa la moto. Bori linakaa juu ya digali, mrija unaoshuka mpaka ndani ya maji. Chombo chenyewe cha maji ndicho kiko, mara nyingi kifuu cha nazi au kibuyu. Pembeni hutoka shilamu, mrija wa mdomoni. Na ule mlio wa bwata bwata maji yanapochemka kwa pumzi? Una jina lake pia: malio ya kiko. Jamani, watu hawakipi jina hata kilio cha chombo ambacho kimeingia juzi! Lugha ikishafika mpaka kwenye sauti ya kitu, ujue kitu hicho kimekaa ndani ya nyumba miaka mingi.

Kinavofanya kazi ni fizikia ya kidato cha pili. Ukivuta kwenye shilamu unapunguza hewa iliyo juu ya maji. Hewa ya nje inasukuma kupitia kwenye bori, inapita kwenye moto, inabeba moshi kushuka digali, inapenya majini kama mapovu, kisha inakufikia. Maji yanaupoza moshi. Shikeni hilo neno, "yanaupoza", tutalirudia.

Sasa nani alikianzisha? Vitabu vingi vinasema ni tabibu mmoja wa Kiajemi, Hakim Abul-Fath Gilani, aliyekuwa kwenye jumba la mfalme Akbar wa India. Eti mfalme aliletewa tumbaku, tabibu akaogopa, akashauri moshi upitishwe kwenye maji ili usafike. Hadithi tamu, ila ina tundu kubwa. Tumbaku ilifikishwa mbele ya Akbar na mjumbe wake Asad Beg miaka ya 1604 au 1605 hivi, wakati tabibu Abul-Fath alikuwa amekwisha kufa kabla ya 1590. Marehemu alishaurije? Lekchara wetu wa mbinu za historia angefurahi sana hapa: ukipata hadithi ya mvumbuzi mmoja, kwanza angalia tarehe zake.

Majina nayo yanasema. Nargile, ambalo ndo jina la kiko cha maji kwa Waturuki na watu wa Shamu, limetoka neno la Kiajemi lenye maana ya nazi. Shisha ni neno la Kiajemi la kioo. Yaani kabla ya chupa ya kioo kulikuwa na kifuu cha nazi, na kifuu cha nazi ni kitu cha watu wa Bahari ya Hindi, wa India na wa huku kwetu pwani.

Halafu kuna lile la pango la Lalibela. Si yale makanisa ya mwamba, ni pango jingine, karibu na Ziwa Tana huko Ethiopia. Mwanaakiolojia Joanne Dombrowski alichimba pale, na katika mabori ya udongo yaliyopatikana, mawili yalipimwa na Nikolaas van der Merwe, ambaye alitoa majibu yake mwaka 1975. Yalikuwa na masalia ya bhangi, na umri wake ni karne ya 14. Columbus alifika Amerika 1492, na tumbaku ni mmea wa Amerika. Kwa hiyo watu walikuwa wanavuta kwa bori upande huu wa Afrika kabla tumbaku haijavuka bahari! Mwaka 1983 John Edward Philips aliandika kwenye jarida la historia ya Afrika akionyesha mgawanyo: Afrika Magharibi kiko kikavu kilichokuja na tumbaku, Afrika Mashariki na Kusini kiko cha maji kilichoanza na bhangi. Wapo wanaobisha, na mimi sisemi Mwafrika ndiye aliyevumbua kila kitu (najua wengine mnapenda hizo), ila "ni mambo ya Waarabu ya juzi" haisimami hata kwa magongo.

Neno bhangi lenyewe lilikuja na jahazi kutoka India. Likaingia bara na kugeuka mbangi, mbanje, mpaka kusini. Upande wa Angola na Kongo likawa liamba, riamba, diamba, na watumwa wakavuka nalo mpaka Brazil. Burton alipotoka Zanzibar kwenda Ujiji, safari ya 1857 mpaka 1859, alikuta imepandwa milangoni mwa watu na wanaivuta kwa vibuyu vyenye maji, kwa kukohoa kwingi. Kumbukeni na hicho kikohozi.

Hapa naomba mnivumilie, kuna kisa kimoja kimenifanya nisilale. Kasai, Kongo, karne ya 19, kwa Wabashilange. Chifu Kalamba Mukenge na watu wake walichoma hirizi zao za zamani wakaunda jumuiya mpya. Badala ya hirizi ikawekwa riamba, yaani bhangi, na wakajiita Bena Riamba, watu wa bhangi. Walikuwa wanakaa duara jioni, kibuyu kikubwa chenye maji kikipita mkono kwa mkono. Salamu yao ilikuwa "moyo", maana yake uhai. Silaha zilikatazwa kijijini. Na sikilizeni adhabu: mkosaji alilazimishwa kuvuta mpaka aanguke amezimia. Kitu kilekile cha undugu kilikuwa ndo kiboko! Kwa nini walifanya vile? Nionavyo mimi, lile lilikuwa eneo lililokuwa linaingiwa na biashara ya pembe, bunduki na watumwa, koo zinapigana, na Kalamba alitafuta kitu cha kuwakalisha watu pamoja. Kiko cha maji hukivuti huku umeshika mkuki. Hata ukitaka kuvuta peke yako, ni kazi kweli kukibeba.

Na nani alituandikia haya? Hermann Wissmann, Mjerumani, aliyefika kwa Kalamba mwaka 1881 pamoja na Paul Pogge. Jina mnalijua. Ndiye aliyeendelea mpaka akatokea Saadani Novemba 1882, akarudi Kasai kujenga kituo cha Luluabourg 1884 (leo Kananga), na ndiye aliyetumwa kuzima vita vya Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1895 akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Fomu four tulisoma Wissmann na Abushiri kwa ajili ya maksi, lakini hakuna aliyetuambia kwamba mtu huyohuyo alikaa na watu wa riamba miaka michache kabla. Kwa hiyo tunapomsoma tukumbuke ni macho ya nani yanatazama kile kibuyu.

Kwetu Nyangoto je? Nilimpigia babu simu. Anasema kwao wazee walikuwa wanavuta ugoro zaidi, puani, kopo mfukoni. Kiko cha maji yeye alikiona kwa Wasukuma alipokwenda kutafuta kazi ya pamba upande wa Mwanza. Nikamuuliza, vijana mlikuwa mnakivuta? Akacheka. "Kijana akivute anaenda nacho wapi? Kilikuwa cha wazee wenye muda." Nadhani hilo ni jibu la kihistoria kuliko kurasa kumi za kitabu: kilikuwa na umri wake, na mahali pake pa kukaa.

Leo Nyangoto ni kitu kingine. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji 2002, Nyamongo ikajaa watu, pesa ikawa ya ghafla, inaingia usiku na kutoka asubuhi. Na bhangi si ya kibuyu cha wazee tena, ni ya biashara, inafungwa magunia. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliingia bonde la Mto Mara na kuteketeza mamia ya ekari, maeneo ambayo ukitoka kwetu hufiki mbali. Sheria ya 2015 haina mzaha na mkulima wala mvutaji. Tukiwa wadogo tuliona wenzetu wakiacha shule, na sote mnaotoka kule mnajua hivo. Kwa hiyo mtu akiniambia "ni utamaduni wetu bana", namuuliza: upi? Ule wa duara na mzee mwenye kibuyu, au huu wa dogo wa miaka 14 nyuma ya kibanda cha video?

Sheria zenyewe zina historia ndefu. Mwaka 1925 mkutano wa Geneva uliiweka bhangi kwenye mkataba wa kasumba, Misri ikishinikiza, na Afrika Kusini ilikuwa imeshalipeleka suala hilo Ushirika wa Mataifa mapema zaidi. Shisha ilikuja kubanwa karne hii: Uganda kwa sheria ya tumbaku ya 2015, Tanzania Julai 2016, Rwanda na Kenya Desemba 2017. Kenya mambo yakaenda mahakamani, na Januari 2024 hakimu wa Shanzu, Mombasa, alisema kanuni zile hazikupelekwa bungeni inavyotakiwa.

Sasa turudi kwa rafiki yangu na maji yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari yake ya kwanza kuhusu kiko cha maji mwaka 2005. Kikao kimoja ni dakika 20 mpaka 80, na moshi unaoingia kifuani kwa ujazo wake unaweza kufikia ule wa sigara 100 au zaidi. Maji yanaupoza, hayausafishi. Na kwa kuwa umepoa hauchomi koo, basi unavuta kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Yaani lile kosa la hadithi ya tabibu wa Akbar bado linaishi hosteli kwetu! Bhangi nayo ukiipitisha kwenye maji inabaki bhangi, na wale aliowaona Burton walikuwa wanakohoa, maji yakiwemo.

Na hiyo ya mitishamba? Kweli, kama haina tumbaku haina nikotini. Lakini juu ya bori kuna mkaa, na mkaa unatoa kaboni monoksaidi hata ukichoma majani ya chai. Ndo ile inayoua watu waliolala na jiko chumbani. Jani lolote likiungua linatoa lami. Wale madogo wanaoshika kichwa dakika ya 30 wakidhani "imewapanda", wengi ni damu inakosa oksijeni. Na shilamu moja kwa midomo saba, katika nchi yenye kifua kikuu, hilo wala halihitaji maktaba.

Nilimsomea yote haya jana. Akanyamaza, halafu akasema, "Sawa, ila hilo jina la malio ni zuri." Nikakubali, ni zuri kweli. Chombo bado kiko juu ya kabati lake, ila madogo wawili wameomba niwaazime ile makala ya Philips, kwa hiyo sikupoteza siku tatu zangu bure.

Mwezi wa saba naenda mazoezi ya kufundisha, na nimeomba shule za upande wa nyumbani. Kipindi cha Abushiri nitaanza na kile kibuyu cha Kasai, halafu nione kidato cha tatu wataniuliza nini. Mwenye picha nzuri ya kiko cha kifuu kutoka makumbusho yoyote anitumie, nahitaji zana ya kufundishia. Sasa acha nikapange foleni ya maji ya kuoga kabla hayajakatika.