Ngege wa Ziwa Kitangiri na Haja ya Takwimu za Miaka Mingi

Sekenke, wilayani Iramba, hutajwa zaidi kwa dhahabu, ile ambayo Wajerumani waliifanya sarafu mjini Tabora mwaka 1916. Ziwa Kitangiri, lililo jirani, halitajwi sana. Hupokea maji ya mito Wembere na Manonga na kuyapeleka Ziwa Eyasi kupitia Mto Sibiti.

Katikati ya karne iliyopita lilipandikizwa ngege wa Ziwa Victoria. Baadaye ngege alikaribia kutoweka katika ziwa lake la asili, kufuatia uvuvi uliokithiri na kuingizwa kwa sangara na sato. Hivyo Kitangiri imekuwa mojawapo ya makimbilio yake.

Makimbilio hayo si salama. Sato huzaliana na ngege, na machotara wao ni vigumu kutambuliwa kwa macho. Huhitajika vipimo vya vinasaba. Aidha, ziwa lina kina kifupi, nalo hunywea ukame unapozidi. Samaki wakipungua mwaka mmoja, chanzo chaweza kuwa ukame au nyavu. Takwimu za miaka mingi, zilizokusanywa kwa utaratibu uleule, ndizo zitenganishazo hayo mawili. Ndivyo ilivyo hata katika bahari ya barafu ya Antaktika, ambako chini ya mkataba wa mwaka 1980 pengwini hufuatiliwa ili kubaini athari za uvuvi wa krili, kiumbe afananaye na uduvi.

Nchini, utafiti wa uvuvi ni jukumu la TAFIRI, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 1980. Mvuvi humsaidia mtafiti kwa kumweleza afisa uvuvi uzito halisi wa samaki aliovua na ukubwa wa matundu ya wavu wake.